Riboni Nilizozishona Mimi

Mwalimu wa densi ya baleti wa binti yangu, Mrusi aliyecheza miaka mingi kwenye majukwaa ya kwao, alituonya kwamba mchezaji hukagua viatu kabla ya kuvaa, maana wenzake humtilia vipande vya chupa. Nikamwona mzushi. Pale shuleni kwao, Kings Heath, riboni za kufungia viatu vya wasichana wote nilizishona mimi.

Siku ya kuchagua mchezaji mkuu, riboni ya mshindani wa binti yangu ilichomoka, akaanguka akavunjika mguu. Lawama zote zikaniangukia. Lakini uzi ulikuwa umekatwa, na kimkasi changu nikakikuta mkobani mwa mwanangu. Nikasema nilishona vibaya.

Nafasi akaipata binti yangu. Riboni zake bado nashona mimi, na kila nikimpa viatu huvuta kwanza mshono mmoja mmoja, bila kunitazama usoni.