Papa, Ukuta na Mlango Unaolia

Sisi tuliokulia Nchelenge, mji wa wavuvi kando ya ziwa, kabla kila mtoto hajapewa simu yake, vita vyetu tulipigana kwenye benchi moja. Lilikuwa la Ya Didi, yaani Kaka Didi, kijana aliyevuka ziwa kutoka Congo na televisheni moja, mashine moja ya michezo na jenereta iliyokohoa kuliko babu yeyote. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya soko la samaki. Ukikaribia, pua ilipokea kwanza chisense, vile visamaki vilivyoanikwa mchangani, kisha petroli, kisha vitumbua vya moto.

Mchezo ulikuwa mmoja tu: askari wenye bunduki katika mji uliobomoka. Wanacheza wawili, televisheni inagawanywa, nusu ya juu yako, nusu ya chini ya mwenzako. Sisi tuliongoja zamu tulikuwa wakaguzi wakali. Tulikubaliana kwamba bunduki zinasikika vizuri na moshi umechorwa na mtu anayejua moshi. Lakini ziwa! Askari mzima, kofia ya chuma kichwani, mabomu kiunoni, akiingia maji ya magoti anakufa. Sisi tuliojua kuogelea kabla ya kujua kusoma tulimcheka mpaka Ya Didi akatishia kuzima mashine. Tena katika mji ule wote mlango mmoja tu ndio uliofunguka, wa nyumba yenye paa jekundu. Mingine ilikuwa picha. Na huo mmoja ulilia, nyiiii, kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Kasoro kubwa kuliko zote ndiyo tuliyoipenda: uliweza kuchungulia nusu ya mwenzako ukajua amejificha wapi. Bingwa wa kuchungulia alikuwa Mado, binti wa jirani yetu, msichana mwembamba mwenye macho yaliyotembea bila kichwa kugeuka.

Basi, kila msimu wa mvua ziwa hufungwa ili samaki wazae. Nyavu hukunjwa, na wavuvi hubaki na mikono isiyo na kazi. Mwaka ule mikono hiyo ilipata kazi kwenye benchi letu, na wa kwanza kuketi alikuwa baba yangu, Papa.

Papa alikuwa amekimbia vita vya kweli akavuka ziwa hili hili kwa mtumbwi. Alipoona mchezo wetu aliguna: "Vita gani hii? Mutu hata mumoja hakubeba sufuria!" Lakini hakuondoka. Wenzake wakafuata, nasi tukasukumwa mpaka mlangoni.

Na walichezaje? Kama wanavua. Kila mmoja alitafuta kona, akachutama na bunduki yake, akangoja. Mwenzake naye alichutama kona nyingine, akangoja. "Samaki haifukuzwe, inangojewa," Papa alituambia. Hakuna aliyechungulia, maana ziwani kutazama ndani ya wavu wa mwenzako ni matusi makubwa. Waliinua kofia zao kufunika nusu isiyo yao. Jua lilisogea, jenereta ilikunywa, hakuna aliyekufa. Ya Didi alishika kichwa, akionyesha tangi la petroli: "Ba Papa, muue mutu hata mumoja! Essence inaisha!"

Mado alichoka kusimama. Akamwendea Papa mbele ya watu wote. "Papa, tucheze weye na mimi. Nikishinda, benchi ni ya batoto mpaka ziwa ifunguliwe."

"Na nikikushinda?"

"Batoto hatutie mguu hapa tena."

Tulimvuta nguo arudi nyuma, maana Papa alikuwa na dawa ya wachunguliaji, na ilishawaangusha wenzetu kadhaa waliothubutu kucheza naye. Aliingia nyumba ya paa jekundu, akamgeuza askari wake uso kwenye ukuta. Chungulia utakavyo, nusu yake ilionyesha ukuta wa kijivu tu. Hata ukijua yuko ndani, hujui kona gani. Nawe ukiugusa mlango, nyiiii, Papa anageuka na kukufyatulia. Mvua ikigonga bati aliweka maneti chini, kile kidude cha kuchezea, akisema hali ya hewa si nzuri kwa uvuvi.

Siku ya pambano mvua ilipumzika. Mado alichelewa kufika, jambo lisilo la kawaida kwake, akaketi bila kuomba radhi. Papa akaenda zake ukutani. Mado, badala ya kumfuata, alizunguka mji polepole kama mtu anayenunua nyanya. Tulimzomea. Hatimaye askari wake akasimama mbele ya mlango, akatulia.

Hapo Mama akaingia, sufuria mkononi, tope mpaka kwenye viwiko.

"Papa Riziki! Uko naangalia nini?"

Riziki ni mimi. Papa hakugeuka. "Nyamaza kwanza, mama."

"Ninyamaze? Ukuta ya jikoni imeanguka tangu juzi, unasema hauna muda. Kumbe ukuta ya wazungu uko naiangalia kama bibi arusi!"

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Mlango ukalia, kicheko kikaumeza mlio wake. Nusu ya Papa ikawa nyekundu.

"Si haki!" Papa aliruka. "Mulango haikulia!"

"Ililia, Papa," Ya Didi akasema, akifuta machozi. "Ni weye haukusikia."

Benchi likarudi kwetu, na jiko letu likapata ukuta kabla ya Jumapili.

Mwaka jana nilimkuta Mado akipakia samaki wakavu kwenye basi dogo la kwenda Mansa. Nikamuuliza mbona siku ile alichelewa. Macho yakatembea, kichwa kikabaki palepale. "Nilipita kwenu kusalimia mama yako. Nikamuuliza tu kama Papa alishamaliza kutazama ukuta."

Mtoto wa dada yangu sasa anacheza vita kwenye simu, vidude vimeziba masikio. Nimeukagua mchezo wake bila upendeleo: askari wanaogelea, milango yote inafunguka, hakuna unaolia. Umetengenezwa vizuri kuliko wetu. Juzi aliruka kitini, askari wake ameuawa. Nikamuuliza nani kamuua.

"Sijui, Mjomba. Mutu tu."

Sisi aliyetuua tulimjua, na mama yake tulimjua. Nikasogea nichungulie kidogo. Akakumbatia simu yake, akageukia ukutani. Nikatazama mlango, nikitamani Mama aingie na sufuria yake.