Niliificha Anwani, Ikatokea Chini ya Karatasi

Admin, jina langu lifiche kabisa, mtaa huu tunajuana. Nina miaka ishirini na saba, nimekulia Bujumbura, sasa nafanya kazi kwenye duka la intaneti hapa Rwezamenyo, Kigali. Watu wanakuja, mimi nawajazia maombi mtandaoni.

Mwaka huu nilijifanya fundi. Wateja walikuwa wanagusagusa juu ya brauza, wanafungua kurasa zao, wananiharibia kazi. Nikajifunza CSS, ile lugha ya kompyuta ya kupanga mwonekano, mistari michache tu, nikaficha sehemu yote ya juu: vitufe, vichupo vya kurasa, hata anwani ya tovuti. Ukabaki ukurasa peke yake. Bosi akasema, "Wewe iko na akili sana!" Kichwa kikavimba.

Wiki iliyopita akaja Amina, mtoto wa jirani yangu. Mama yake ndiye aliyenipokea nilipofika Kigali sina mtu. Amina ana miaka kumi na tisa, anatafuta nafasi ya kusoma nje. Nikafungua linki iliyotumwa kwenye grupu moja la masomo, nikajaza yote: pasipoti, picha, simu, mpaka nyumba wanayokaa. Nembo ya chuo niliiona. Anwani ningeionea wapi, na niliificha mwenyewe?

Jana mchana akarudi anacheka. "Dada, wamenipigia! Intavyuu ni kesho saa nne, Kicukiro, kwenye nyumba fulani. Wamesema niende peke yangu, nibebe fomu."

Nikaprinti. Kumbe brauza inaandika anwani ya ukurasa chini ya karatasi. Nikaisoma. Haikuwa ya chuo chochote duniani. Yebabawe!

Na mimi mjinga, badala ya kusema, nikachukua mkasi. Nikakata pale chini, nikampa karatasi. Akanikumbatia. Jioni mama yake akanipigia: "Mwanangu, Mungu akubariki."

Sikulala. Nikisema, kazi imekwisha, na yule mama nitamtazama kwa macho gani? Nikinyamaza, jamani, hata kulimalizia neno hili naogopa.

Sasa ni saa mbili asubuhi. Amina amepita dukani na gauni lake la Idi, ameniuliza, "Dada, nimependeza?" Nikasema sana. Ameenda kumuaga mama yake.

Kipande nilichokata nimekishika hapa, kimelowa jasho. Admin, usichelewe kuposti. Ndugu zangu nitukaneni baadaye, kwanza nishaurini: naanzaje kumwambia?