Bunduki Niliyonunua kwa Ajili ya Mvi za Baba

Kabla ya bunduki kulikuwa na piko. Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Mombasa, alikuja nyumbani Jumamosi moja na pakiti za piko, ile rangi nyeusi, mfukoni, akamwomba Baba akubali kupakwa kichwani. Huku kwetu, bara ya Malindi, wazee wengi wanafanya hivyo. Mzee mwenye mvi na shamba zuri ni rahisi kuitwa mchawi, na akishaitwa mchawi hachukui muda kabla hajakutwa amekatwa mapanga. Kwa hiyo unakutana na babu asiye na jino hata moja, nywele zinang'aa kwa weusi kama za kijana anayekwenda kuposa, na kila mtu anajua kwa nini, na hakuna anayecheka.

Baba alikataa. Alisema piko ni ya bibi harusi, na yeye hakuwa ameposwa na mtu. Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, mtu mbishi, mpenda redio, asiyependa kuambiwa aketi wapi wala ale nini. Kaka aliziacha pakiti juu ya kabati. Alipoondoka nikazitupa chooni, kwa kuwa kuziona tu kulinitia kinyaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na Baba. Nilifanya kazi miaka mingi katika hoteli moja Watamu, nikisimamia wasafisha vyumba, na mume wangu alipofariki nikarudi nyumbani kulima. Tuna minazi, mikorosho, maembe na mihogo. Mdogo wake Baba, baba yetu mdogo, ana boma lake ng'ambo ya kijibonde, pamoja na wanawe ambao sasa ni watu wazima. Sikukuu zote tulikuwa tukila pamoja. Wale wanawe niliwabeba mgongoni walipokuwa wachanga, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka ule mjukuu wa baba mdogo, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alishikwa na homa. Walimchelewesha nyumbani wakimpa dawa za majani, akafariki njiani akipelekwa hospitali. Matangani baba mdogo alisimama akasema mtoto hakufa kwa homa. Alisema kuna mtu pale kijijini anakula watoto, na mtu huyo hata haya ya kuficha mvi zake hana. Hakutaja jina. Baba alikuwa ameketi kwenye jamvi na sahani ya wali mapajani. Watu waligeuka wakamtazama, kisha wakageuka tena wakaendelea kula.

Haukupita muda mrefu, nikaamka asubuhi moja kwenda jikoni, nikakuta shimo nyuma ya nyumba. Lilikuwa kaburi. Lilikuwa na urefu wa mtu na upana wa mtu, na lililonichefua zaidi ni jinsi lilivyochimbwa kwa uangalifu. Kuta zilikuwa zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja, na kingo zilikuwa zimefagiliwa. Mtu alikuwa amekuja na ufagio. Nilisimama pale nikiwaza kwamba yule aliyefagia hakubwekewa na mbwa wetu, na mbwa wetu hawawabwekei jamaa tu.

Tulikwenda kwa chifu, tukaenda na kituo cha polisi. Askari aliandika maelezo yetu, akatuambia hatuwezi kumshtaki mtu kwa kuchimba shimo, akashauri Baba ahamie kwa kaka Mombasa. Baba akasema kwamba akiondoka, shamba litagawanywa kabla basi halijafika Kilifi. Alisema kweli. Hapo ndipo kaka alipolitaja neno bunduki kwa mara ya kwanza, na nikaona macho yake yalivyong'aa alipolitaja.

Kibali kiliombwa kwa jina langu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikaa shambani. Nilipigwa alama za vidole, nikatafuta cheti cha tabia njema, nikapimwa macho na akili, nikakaa mbele ya watu walioniuliza nataka bunduki ya nini. Nilisema nguruwe mwitu wanakula mihogo. Ni kweli wanakula. Mmoja wao akaniuliza kama nguruwe hao wana miguu minne au miwili, wenzake wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa nilikihitaji kibali. Niliporudi nyumbani nilioga muda mrefu. Kibali kilichukua miezi, na miezi yote hiyo shimo lilikuwa pale nyuma. Baba alikuwa amekataza lifukiwe. Alisema waliolichimba ndio watakaolifukia.

Kibali kilipotoka nilikwenda na kaka Mombasa kwenye duka la silaha. Nilitazamia mahali pa giza, kumbe lilikuwa safi kama duka la miwani, lenye kiyoyozi na vioo. Muuzaji alikuwa mtu mtanashati, kucha zimekatwa vizuri, ananukia udi. Alimsalimia kaka, akaanza kumweleza kaka. Kaka alipomwambia kwamba mwenye kibali ni mimi, alinigeukia akaniita dada, akaniuliza kama nimewahi kushika kitu kizito kuliko mwiko.

Nilimwambia nataka bunduki ya marisau, ile ya risasi za chembechembe, mpya, isiyo ghali, na kwamba ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Mpya kwa kuwa sikutaka kushika kitu ambacho sijui kilishafanya nini katika mikono ya mwingine. Aliniwekea tatu juu ya kaunta, kwenye kitambaa cha mahameli.

Ya kwanza ilikuwa na mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kitako cha mti uliopigwa vanishi hadi unajiona uso wako. Bei yake ingenilazimu kuuza kipande cha lile shamba nililotaka kulilinda. Ya pili ilikuwa ile ya kuvuta, unayoisukuma kwa mkono mbele na nyuma kila unapotaka kupiga tena. Kaka aliinyakua, akaivuta, ikalia ule mlio wa kwenye filamu, akacheka kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mimi nilipoishika, kitako kilikuwa kirefu kwa mkono wangu, na sikuweza kujua kwa kuitazama kama ndani mna risasi au hamna. Ya tatu ilikuwa na mtutu mmoja, imetengenezwa Uturuki, nyepesi, kitako chake cha plastiki nyeusi. Inafunguka katikati kama bawaba ya mlango. Unatia risasi moja, unaifunga.

Niliuliza maswali kama niliyokuwa nikiuliza zamani niliponunulia hoteli mashine za kufulia. Niliuliza kuhusu kutu, maana hewa ya pwani ina chumvi. Niliuliza kama plastiki ile itapasuka kwa jua, na kama vipuri vinapatikana. Muuzaji alinijibu vizuri. Alisema plastiki ni bora kuliko mti kwa unyevu wetu, mtutu unataka mafuta mara kwa mara, na kwamba bunduki nyepesi hupiga teke begani, hivyo nichukue ile yenye mpira nyuma ya kitako. Hadi hapo alikuwa mfanyabiashara kama wengine.

Kisha akatoa risasi, akazipanga. Akaonyesha zenye chembe ndogo za ndege, akaonyesha zenye chembe kubwa za nguruwe. Halafu akaweka kidole juu ya kasha la tatu, akapunguza sauti, akatabasamu.

"Na hizi ni za wageni," alisema. "Kutoka hapa mpaka pale mlangoni, dada, huhitaji hata kulenga. Mama yake mwenyewe hatamtambua."

Akatoa simu akatuonyesha picha. Alisema ni mbuzi, walimpiga shambani kwa majaribio. Nimechinja mbuzi mara nyingi na sina uoga wa damu, lakini yule hakuwa amechinjwa. Niligeuza uso. Kaka aliomba aione tena. Nilimtazama kaka yangu akiinama juu ya simu ile, mdomo umeachama kidogo, nikaona kwamba hakuwa akimfikiria Baba hata chembe.

Nilichagua ile ya mtutu mmoja. Ilikuwa rahisi, hilo ni kweli, lakini nilichoipendea ni kwamba ukiiacha imefunguka katikati, mtu aliye upande wa pili wa chumba anaona kuwa ni tupu. Risasi nilichukua zile za nguruwe. Muuzaji aliniambia nimechagua kwa busara, kwa sauti ileile aliyoitumia kuonyesha mbuzi.

Kabla ya kukabidhiwa nilipelekwa kiwanja cha kulengea shabaha. Shabaha ilikuwa karatasi yenye picha ya mtu mwenye uso, macho na masharubu. Nilimwomba mwalimu aniwekee nyingine, hata duara tu, akasema zimebaki za aina hiyo. Nilipiga. Bega liliwaka, masikio yakaziba, na ile karatasi kuanzia kifuani kwenda juu ikawa imetoweka. Kaka alikuwa nyuma yangu akinirekodi kwa simu.

Nyumbani, Baba aliitazama bila kuigusa. Aliinusa kwa mbali, kama anavyonusa samaki anayemtilia shaka. Nilimweleza jinsi inavyofunguka na mahali nitakapoifungia, kwenye sanduku la chuma lililotiwa boliti ukutani chumbani kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Watakaokuja ni wana wa ndugu yangu," alisema. "Wewe umewabeba. Utampiga yupi?"

Nilimwambia nitampiga yeyote atakayeingia na panga.

"Jibu hilo ni la mtu wa dukani," akasema. "Mimi nimekuuliza yupi."

Aliwasha redio yake, akaongeza sauti.

Kaka alikuwa ameituma ile video kwenye kundi la ukoo la simu. Sikumwomba, na nilipomgombeza alisema hiyo ndiyo maana ya kuwa na bunduki, watu wajue. Wakajua. Vijana waliokuwa wakinipita njiani kama nguzo ya stima walianza kusimama na kuniamkia shikamoo kwa kuinamisha vichwa. Mwenye kioski alianza kuuliza hali ya Baba kwa kumwita mzee wetu. Nilikuwa nimemtafutia Baba heshima hiyohiyo kwa maneno, kwa chifu, kwa wazee wa kanisa na kwa imamu, nikaikosa. Sasa ilikuja yenyewe, na kila shikamoo ilinikera kama inzi kwenye chakula.

Halafu baba mdogo akaja. Alikuja mchana na jogoo mkubwa mwekundu, akafuatana na wanawe wawili. Aliketi, akampa Baba pole kwa maneno ya watu. Alisema dunia imeharibika, watu wanasema mambo bila ushahidi, na yeye amekuwa akiwakanya. Wanawe walikwenda nyuma ya nyumba bila kuambiwa, wakachukua majembe yetu, wakalifukia shimo. Niliwasikia wakifanya kazi huku mmoja akipiga mbinja.

Nilimchinja yule jogoo nikampika, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Baba mdogo alipomaliza kunawa aliniomba aione bunduki. Nikamwambia sheria hairuhusu. Akasema hataki kuipiga, anataka kuishika tu, mwanawe ampige picha moja ya ukumbusho. Aliuliza inaua kutoka mbali kiasi gani. Aliuliza kwa furaha ya kweli, mafuta ya kuku yakimng'aa midomoni, mtu huyohuyo aliyesimama matangani.

"Hilo waachie wanao, Baba mdogo," nilimwambia. "Waambie waje siku yoyote, nitawaonyesha."

Alicheka mpaka akakohoa, akasema nimekuwa mwanamume. Nikamtazama Baba nikitarajia atamfukuza. Baba alichagua paja, nyama iliyo bora, akaliweka kwenye sahani ya mdogo wake. Nilitoka nje nikayaokota majembe yetu kwenye udongo mbichi.

Baadaye nilimuuliza Baba aliwezaje. Alisema amezeeka, anataka kulala, na mtu akikuogopa mpe chakula asije akachoka haraka kukuogopa. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Nilijichukia mimi pia kwa kuwa usiku ule nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tangu msiba wa yule mtoto.

Ila maneno hayakufa, yalihama tu. Upande wa pili wa barabara aliishi mama mmoja mjane, mzee kuliko Baba, mpole, aliyekuwa akisuka makuti na kuuza. Hakuwa na binti mwenye kibali. Mvua za masika zilipoanza watu walimkuta mlangoni kwake, ameuawa. Sitaeleza walivyomkuta. Nilisaidia kumwosha, na wanawake tuliokuwa ndani hatukutazamana.

Mazishini baba mdogo alikuwa mbele. Alileta sukari na majani ya chai, akapanga watu pa kukaa, akalia kwa sauti. Watu kadhaa walinijia, wakanishika mkono, wakaniambia nilifanya la maana kumkinga Baba mapema. Walisema hivyo mwili ukiwa bado haujashushwa.

Tulipokuwa tukitawanyika, jirani mmoja alinivuta pembeni, mwalimu aliyestaafu ambaye mama yake bado yu hai. Hakunitazama machoni. Aliniuliza nilinunua ya aina gani, na kama ile ya bei nafuu ni ya kuaminika. Nilimwambia achukue ya mtutu mmoja yenye kitako cha plastiki, na asisahau mpira wa begani. Akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia aanze na cheti cha tabia njema, maana hicho ndicho kinachochelewa.