Maharage ya Doto, Mtindi wa Kurwa

Mama yangu na mama mdogo ni pacha, na mtaani wanaitwa Kurwa na Doto tu. Wamezeeka wakishona kwenye karakana moja ghorofani, na tangu utotoni kila kitu hugawana sawa, hata kipande cha sabuni. Doto alipougua na kulala muda mrefu, miguu ilikonda, ngazi za karakana zikamshinda. Tajiri wao akasema wazi: msimu wa sare za shule ukianza hajapanda, kiti chake atapewa fundi mwingine. Nilichemka! Nilitaka kumjibu, Doto akanifinya ninyamaze.

Mama akaapa kumlisha mwenzake mpaka misuli irudi. Yeye alikunywa mtindi, lakini tumbo la Doto na maziwa havipikiki chungu kimoja, kwa hiyo akachemshiwa maharage.

"Kikombe kwangu, kikombe kwako," mama akasema. "Ingawa maharage yanajenga kelele tu!"

Kwa kuogopa hizo kelele za tumbo, Doto akawa anakunywa mchuzi na kuyaacha maharage kwenye sufuria. Wiki zikapita, miguu ileile. Nikampeleka kliniki kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja aliyecheka mpaka akavua miwani aliposikia habari ya mchuzi.

"Bibi, kula maharage yenyewe! Maziwa ni mazuri kwa misuli ya mzee, sikatai. Lakini maharage, soya na karanga pia zinafaa, mradi bakuli lijae na uchanganye na nafaka. Na ufanye mazoezi. Simama, kaa, simama, kaa."

"Si nitamzidi Kurwa?" Doto akauliza kwa wasiwasi.

"Mzidi!"

Basi nyumbani ikawa vituko. Doto anasimama na kukaa, anahema, mama kajiegemeza kwenye kochi na mtindi wake, anatoa amri. Siku Doto aliposimama bila kushika meza nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Msimu ulipoanza tulienda wote watatu. Doto akashika ukuta, akapanda. Katikati ya ngazi mama akaishiwa pumzi.

"Doto, ningoje!"

"Wewe si una mtindi?" akajibu bila kugeuka.

Nilimshika mama mkono, tukajikokota nyuma yake huku nikicheka na machozi yananitoka. Juu tulimkuta Doto, jasho tele, amesimama mbele ya fundi mpya aliyekwisha kukaa na kutunga uzi.

"Mwanangu," alimwambia kwa upole, "hicho kiti kina mwenyewe."

Tajiri alimtazama Doto, akatazama ngazi, kisha akaenda kumtafutia yule fundi mpya kiti kingine.