Uzinduzi Bila Sauti Yake

Nyimbo zote nane za albamu yangu aliziimba shoga yangu. Mimi hutunga, sauti sina. Tangu tukiwa wasichana wa madrasa hapa Kilwa Masoko, maneno yalitoka kwangu, yeye akayaimba. Tulimaliza kurekodi, tukapanga siku ya uzinduzi, na majuma matatu kabla yake kiharusi kikampiga akiwa anafua. Kilimlemaza upande mmoja, kikamwachia neno moja tu kinywani: "Ndiyo."

Nilikaa kitandani kwake nikamuuliza, "Tuahirishe?"

"Ndiyo."

"Au tuendelee, aimbe mtu mwingine?"

"Ndiyo."

Nilimtazama machoni nisipate jibu. Basi nikachagua nilichokitaka mimi.

Wageni walikuja kutoka Lindi: mpiga udi, mpiga fidla, na binti wa mtaa wa Mtanda mwenye sauti tamu, sina la kumkosoa. Baada ya alasiri ukumbi ulijaa. Shoga yangu aliletwa na mwanawe wa kike, amevaa gauni la kijani tulilolishona kwa ajili ya jukwaa, akaketishwa mstari wa mbele. Yule binti alishuka, akampigia goti.

"Shikamoo, mama. Nakuomba radhi, naimba nyimbo zako."

"Ndiyo," alisema, na watu wakapiga makofi.

Wimbo wa kwanza shoga yangu alitulia. Wa pili, midomo ikaanza kumcheza. Wa tatu ni ule niliomtungia alipofiwa na mumewe. Binti alipopandisha sauti, yeye naye alifungua kinywa: "Ndiyo, ndiyo, ndiyo!" kwa nguvu zake zote, nje kabisa ya muziki. Nyuma kuna mtu alicheka, nadhani hakujua hali yake. Mwanawe akamwinua, wakatoka polepole kwa mlango wa pembeni, mama mtu akiburura mguu mmoja. Nilikuwa jukwaani na kipaza sauti mkononi. Ningeweza kushuka. Sikushuka. Niliwapa wapigaji ishara waendelee.

Kesho yake nilikwenda kwake na albamu kwenye simu, nikidhani itamfariji. Alipoisikia sauti yake mwenyewe, alinyoosha mkono ulio mzima akaisukuma simu, ikaanguka mkekani. Niliizima.

"Nisamehe, mwenzangu," nilimwambia. Akageukia ukutani.

Sasa kila Ijumaa asubuhi nakwenda kumsuka nywele. Huniachia kichwa chake, nami humpaka mafuta na kumsuka taratibu. Watu wananiuliza albamu ya pili itatoka lini. Tangu siku ile ya uzinduzi sijaandika hata ubeti mmoja.