Kadi ya korongo mwenye jicho lililotobolewa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, uongo wa mtandaoni siuwezi. Nasimulia yaliyonikuta, halafu mnisaidie, maana kichwa kimenivurugika.

Miaka ya sabini, enzi za utawala wa wanajeshi, tulikaa laini za polisi, kambi ya familia za askari, hapa Kampala. Baba alikuwa koplo, mtu wa kaskazini, mvutaji sigara kupindukia. Kila pakiti ilikuja na kadi ndogo ya picha ya ndege, na kadi zote zilikuwa zangu.

Watoto wa laini tulicheza kadi kufa na kupona. Wizi nao ulikuwepo, ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na alama yake. Wengine walikata kona, wengine walichora.

Baba yeye aligusa jicho la ndege kwa moto wa sigara, likabaki tundu dogo safi. Alisema, "Kwetu ng'ombe anapigwa chapa. Huyu sasa ni wako."

Nilikuwa na ndege wote isipokuwa korongo. Aliadimika kuliko sukari, na wa enzi hizo mnajua sukari ilivyokuwa. Baba aliniahidi atampata.

Asubuhi moja wanajeshi wakamchukua kazini kwa gari, asirudi tena.

Tukaambiwa ametoroka nchi. Wengine wakanong'ona ameshauawa. Mama akaenda mochwari ya hospitali ya Mulago, akatazama nyuso za watu, hakumwona. Babu akatuma neno kutoka kijijini: fanyeni matanga, yaishe.

Maskini mama, hakujua kama ni mke au mjane. Hata nguo ya kuvaa hakujua.

Ndipo akaja Musa, mtoto wa mtaa wa Bukoto, kucheza na sisi. Akatupa chini korongo. Banange! Jicho limetobolewa!

Wakuu, mimi sikuwahi kuwa na korongo. Kwa hiyo baba alimtoboa baada ya kuchukuliwa. Au asubuhi ileile? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo.

Nikampa Musa kadi zangu zote anipe ile moja. Wenzangu wakacheka, "Wewe umerogwa? Iko na tundu!"

Mama aliinusa, akalia. Musa akasema aliishinda kwa mtoto mmoja wa Lubaga, jina hajui. Tukaenda Lubaga, tukaulizia mpaka watu wakaanza kutukwepa. Siku zile kuulizia mtu ilikuwa hatari, tukarudi.

Matanga hayakufanyika. Babu alinuna mpaka anakufa. Mama naye tulimzika na pete yake kidoleni.

Sasa juzi mjukuu akanipeleka kwa kijana anayenunua kadi za zamani. Akaikagua kwa lenzi. Eti ni adimu, kona nzuri, lakini tundu limeiua. "Bibi, hii ni ajali ya sigara tu. Haina thamani."

Nikachukua kadi yangu, nikatoka. Sikwenda kuuza jamani, nilitaka tu aniambie ni ya lini. Ajali! Yaani mama alimnyima baba matanga kwa sababu ya mvutaji fulani mzembe? Asubuhi naamini ni yake, jioni siamini.

Nilichojifunza: si kila kitu ni cha kumpelekea mpima bei.

Wajuzi wa kadi, uwanja ni wenu, hata wa kunicheka karibuni. Ila nijibuni hili kwanza: ajali gani inalenga jicho, katikati kabisa?