Nilivyompulizia rangi bibi harusi mwenye mbalanga, na yaliyomkuta alipofika kwa shangazi yake

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wote mlionitangulia humu.

Mimi ni msomaji wa kimya, lakini juzi kuna mtu kauliza kama spray tan, ile rangi ya kupuliza mwilini, inaleta kansa, na majibu aliyopewa yamenipandisha presha. Mmoja kasema ni mkorogo. Mwingine kasema inaingia kwenye damu. Mwingine, na huyu sitamsahau, kasema ni rangi ya gari.

Mimi ni fundi wa hiyo kitu. Nina saluni Manundu, Korogwe, na ninachosimulia nimekifanya kwa mikono yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu. Anayetaka kubisha abishe, nitamjibu.

Niliipata hii kazi Zanzibar, kwenye spa ya hoteli. Wageni walitaka kurudi kwao wakiwa brown bila kulala juani wakaungua. Unavaa barakoa, unashika mashine, unampulizia mtu mwili mzima, kesho yake anaamka kaiva. Siku za mwanzo nilicheka sana. Sisi huku tunajichubua tufanane nao, wao wanakuja kwetu wafanane na sisi.

Dawa yenyewe inatokana na sukari. Inabadilisha ile ngozi ya juu kabisa iliyokwisha kufa, ndiyo maana baada ya wiki hivi inapauka na kuondoka yenyewe. Haichubui. Ila haitakiwi kuvutwa puani, kuingia machoni wala mdomoni, na hapo ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoharibu.

Nikarudi nyumbani na mashine yangu. Ikalala kabatini. Nani Korogwe anatafuta weusi wa ziada? Wateja wangu wanataka kusuka na kubandika kucha, basi.

Mpaka akaja Mwanaidi.

Mwanaidi ni fundi cherehani pale Mombo, kwao ni kijijini upande wa Handeni. Ana mbalanga, yale mabaka meupe yanayotokea ngozi inapopoteza rangi. Yake yapo mikononi, shingoni na kuzunguka jicho moja. Alikuwa anaolewa na Hamisi, fundi pikipiki wa hapa hapa mjini.

Hamisi alikuwa anajua kila kitu na hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mama yake Hamisi, ambaye hajawahi kumwona Mwanaidi bila baibui, mikono mirefu na poda nzito usoni. Kwa kawaida zetu, siku ya harusi wanawake wa upande wa mume wanaingia uani, wanamfunua bibi harusi, wanamtazama. Baadaye yeye anamnawisha mama mkwe mikono na kumpakulia chakula.

Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, watasema ni ukoma. Mama mkwe akikataa kula mkononi mwangu siku ile, hatakula tena maisha."

Nilimwonea huruma, sitaki kuwadanganya. Lakini huruma haipulizii mtu rangi. Nilimuuliza kama ameshaonana na daktari wa ngozi. Akasema ndiyo, na kwamba aliambiwa si ukoma, haiambukizi, na rangi ya juu ya ngozi haina shida. Nikamuuliza pumu, mimba, mzio. Hakuna.

Nikampaka tone nyuma ya sikio, nikamwambia arudi baada ya siku mbili. Wengi mnaruka hii hatua. Mimi siruki, hata mteja akiwa na haraka ya namna gani.

Sikio likawa salama. Tukapanga Ijumaa asubuhi, harusi Jumamosi. Nikamwambia Alhamisi ajisugue vizuri na asipake mafuta, losheni wala marashi.

Ijumaa nikafungua madirisha yote, nikamfunika macho, nikamziba pua na pamba, nikampaka mafuta mgando midomoni. Mwili nikaupulizia rangi nyepesi. Mabaka nikayapita kwa brashi ndogo, taratibu, tabaka juu ya tabaka, maana ukikimbilia kukoleza, baka linatoka rangi ya chungwa na watu wanakuonea mbali.

Wakuu, najisifu bila aibu. Ile kazi ilikuwa safi. Mchana rangi ilipoanza kupanda alijitazama mikono kwenye kioo, akaigeuza, akaitazama tena, akaanza kulia. Nikamkataza, machozi ni maji.

Nikampa masharti. Mpaka kesho asubuhi asiguse maji, asipake mafuta, asitoke jasho. Na cha mwisho nikamrudia mara kadhaa: hii rangi haizuii jua. Unaonekana mweusi, lakini baka chini yake ni lile lile, litaungua. Sunscreen lazima. Akaitikia yote, akaondoka.

Sasa hapa ndipo nilipopigwa chenga.

Nilimpa masharti Mwanaidi. Lakini Mwanaidi akishafika kwao si Mwanaidi tena, ni mwari. Na mwari kule hasemi. Anakaa ndani, kainamisha kichwa, anafanyiwa. Anayemfanyia ni shangazi yake, Bi Zaina, ndiye kungwi wake, mama wa makamo mwenye mikono ya kulimia.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. Mama yake Mwanaidi, analia.

Nikachukua bodaboda mpaka huko. Nikawakuta wamefunga mlango, mwari yuko kwenye mkeka. Nikamfunua. Shingo ilikuwa na michirizi kama ukuta uliopakwa chokaa mvua ikapita. Mikono imebaki na rangi kwenye mikunjo tu. Kwenye kiwiko ngozi imechubuka.

Kumbe Ijumaa ile ile alasiri Bi Zaina alimsugua kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato na maji wa kusugulia mabibi harusi, akampaka mafuta ya nazi, halafu akamfunika kanga gubigubi na kumfukiza udi mpaka jasho likamtiririka. Yaani yale yote matatu niliyoyakataza, kwa mpangilio kabisa.

Na mwari hakufungua mdomo. Adabu.

Mama mtu akanishika mkono, akataka nipulize upya pale pale, nzito, kabla wageni hawajafika. Binamu mmoja akaja na wazo lake: wapake piko kwenye mabaka, ile dawa nyeusi ya kuchorea maua. Ameshaikoroga kabisa kwenye kibakuli.

Nikakataa vyote viwili.

Ngozi iliyochubuka haipuliziwi. Na piko, wakuu, naomba hili mlishike hata kama mengine yote mtasahau, piko ina dawa ile ile ya kupaka nywele rangi nyeusi. Juu ya ngozi iliyosuguliwa inaweza kuunguza, ikatoa malengelenge na kuacha kovu. Nilichukua kile kibakuli nikakimwaga nje. Mama yake akaniambia nimekuja kuwaaibisha. Nikamwambia aibu itapita, kovu halipiti.

Bi Zaina alikuwa kakaa pembeni ananitazama. Nikamsogelea, nikampa shikamoo yake vizuri, nikamweleza ile rangi ilikuwa ya nini. Nilitegemea matusi.

Akamgeukia wifi yake, mama yake Mwanaidi. "Mlimpaka rangi mkanificha mimi? Nimemwogesha huyu tangu mchanga, mabaka yake yote nayajua lilipoanzia moja na lilipoishia jingine. Nimeyaona jana yamefifia, nikadhani ni uchafu wa saluni, nikausugua."

Nilitamani kucheka na sikuthubutu. Uchafu wa saluni. Kazi yangu ya nusu siku.

Ndipo mwari akasema. Kichwa bado kainamisha, lakini akasema.

"Shangazi, itoe yote. Nitoke hivi hivi."

Mama yake akaanza kupinga, Bi Zaina akamnyamazisha kwa kumtazama tu. Tukachukua mafuta ya nazi ya vuguvugu na kitambaa laini, tukafuta taratibu bila kusugua, tukikwepa pale palipochubuka. Rangi ikatoka karibu yote. Wanja wakampaka, hina halisi wakampaka kuchani. Mimi nikampaka sunscreen kwenye kila baka, maana shughuli ilikuwa uani, juani kabisa, na turubai lilikuwa upande wa wanaume tu.



Wakaja. Vigelegele, kanga za sare, mama yake Hamisi mbele. Mwanaidi akakalishwa kwenye mkeka pale uani, kafunikwa. Mama mkwe akapiga magoti, akafunua.

Vigelegele vikakatika. Nyuma nikasikia mtu ananong'ona, na nadhani sote tulijua neno gani.

Mama mkwe akamtazama lile jicho, akashuka shingoni, akamshika mikono yote miwili akaigeuza viganja juu. Akauliza, "Inauma?"

Mwanaidi akajibu, "Haiumi, mama. Linaichoma jua tu."

Yule mama akageuka nyuma. "Sasa mmemweka juani ya nini? Hamisheni mkeka."

Basi ndiyo hivyo. Wanawake wazima wakanyanyua mkeka na bibi harusi juu yake, wanacheka, wakampeleka kwenye kivuli cha nyumba. Maji yakaletwa, Mwanaidi akamnawisha mama mkwe, akampakulia bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. Yule mama akala mpaka sahani ikawa nyeupe, taratibu, huku anawatazama wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyenong'ona tena. Mimi nililia, na kope za kubandika zikaanguka kwenye sahani yangu ya pilau.

Sasa mafunzo. Spray tan ikifanywa kwa kufuata utaratibu haina ubaya, na kwa mwenye mbalanga inaweza kumpa raha kubwa. Jaribu kwanza sehemu ndogo, ziba macho na pua, hewa iwepo, kidonda usikiguse, piko usikaribie, na usidhani umepata kinga ya jua. Halafu masharti usimpe bibi harusi peke yake. Mpe kungwi. Siku hizi kabla sijawasha mashine nataka namba ya shangazi, na Bi Zaina mwenyewe ameshaniletea mabibi harusi kadhaa, anawasugua Alhamisi, mimi napuliza Ijumaa, na udi anaufukiza kwenye nguo.

Mwanaidi bado anakuja mara moja moja, akiwa na shughuli. Juzi aliongozana na mama mkwe wake, yule mama akakaa kwenye kiti cha kusukia akanitazama nafanya kazi mwanzo mwisho.

Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo rangi inazuia jua?"

Nikamwambia haizuii, mama.

"Mabaka inayaponya?"

Haiyaponyi.

Akafikiri. "Basi ya nini?"

Mwanaidi akamjibu kabla yangu, macho yakiwa yamefunikwa, pamba puani. "Nimependa tu, mama."

Mama akasema haya, akavuta kiti karibu na feni.

Wenye maswali ya ngozi mwageni hapa chini, nitajibu moja moja nikimaliza kusuka. Yule wa rangi ya gari nakusubiri wewe hasa.